Kutafuta Kisambaza Mawimbi kwa Ndege: Mwongozo wa Kudhibiti Makosa ya Urambazaji

Swali linalorudi kila mara ni hili: "GPS yangu ina usahihi wa mita 5, mbona kadirio limeangukia kilomita 2 au 3 mbali na chanzo?" Jibu ni kwamba GPS imekuambia ndege ilikuwa wapi. Haikukuambia pua ya ndege ilielekea wapi. Kitafuta uelekeo hupima pembe kuanzia puani, kwa hiyo kila kosa la uelekeo wa pua linaingia moja kwa moja kwenye jibu lako, na linakua kadiri chanzo kilivyo mbali.

Mwongozo huu ni wa anayeanza kutafuta chanzo cha mawimbi kwa ndege ndogo: kinara cha dharura (kifaa kinachotuma mawimbi ya kuomba msaada) cha ndege iliyoanguka, au mtambo unaoingilia masafa ya wengine. Unahusu njia ya kupima pembe kutoka sehemu mbalimbali na kuangalia mistari inakatana wapi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitafuta uelekeo chenye antena zilizofungwa imara kwenye ndege, kinachoweza kuhifadhi vipimo pamoja na muda wa kila kimoja.
- Kipokezi cha GPS kinachorekodi mahali, kasi na muda angalau mara 1 kwa sekunde. Mara 5 ni bora zaidi.
- Chanzo cha uelekeo wa pua kisichotegemea njia ya ndege juu ya ardhi, kwa kuwa upepo wa ubavuni hufanya viwili hivyo viachane. Kinaweza kuwa dira ya sumaku ya kielektroniki au mfumo wa jairo (kifaa kinachohisi ndege inavyogeuka), lakini kizuri kuliko vyote kwa kazi hii ni GPS ya antena mbili. Antena zikiwa mita 1 kutoka kwa nyingine, mfumo wa aina hiyo kwa kawaida hutoa usahihi wa takriban nyuzi 0.2.
- Kipimo cha mwinamo wa ndege, wa ubavuni na wa pua.
- Kisambaza mawimbi cha majaribio chenye kibali, kilichowekwa mahali panapojulikana kwa hakika.
- Kompyuta yenye programu ya lahajedwali.
- Watu wawili ndani ya ndege. Rubani anarusha, mwingine anapima. Mtu mmoja asijaribu kazi zote mbili.

Onyo: usiwashe kinara cha dharura kwenye 121.5 MHz wala 406 MHz kwa ajili ya mazoezi. Masafa hayo ni ya watu walio hatarini, na utawaamsha waokoaji bure.

Hesabu moja ya kukariri

Kosa la nyuzi 1 linasogeza mstari kwa asilimia 1.75 ya umbali. Kwa kilomita 10 ni mita 175. Kwa kilomita 50 ni mita 873. Nadharia iliyobaki utaikuta ndani ya hatua zenyewe.

Hatua ya 1: Tengeneza bajeti ya makosa

Fanya hivi mezani, kabla ya kununua chochote. Chukua chanzo kilicho umbali wa kilomita 20 na ndege inayokwenda noti 120, yaani mita 62 kwa sekunde. Makosa ya kawaida yanakuwa hivi:

- Kosa la mahali la GPS, mita 5: jibu linasogea mita 5.
- Muda kupishana kwa sekunde 1: mita 62.
- Uelekeo wa pua kukosea kwa nyuzi 1: mita 349.
- Kusahau mchepuko wa sumaku (tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli) wa nyuzi 3: mita 1,048.
- Kutumia njia ya ndege badala ya uelekeo wa pua, kukiwa na upepo wa ubavuni wa noti 15: nyuzi 7.2, yaani kilomita 2.5.

Tazama mstari wa kwanza na wa mwisho. Watu hutumia fedha nyingi kupunguza mita 5 ziwe mita 1, huku mstari wa mwisho ukiwapotezea kilomita nzima na zaidi. Weka juhudi yako kwenye uelekeo wa pua kwanza, kisha muda. Mahali pa ndege pafuate mwishoni.

Sasa gawa makosa yako katika makundi mawili. Makosa ya nasibu hubadilika kila kipimo, na hupungua ukichukua wastani: kitafuta uelekeo chenye kosa la nyuzi 3 kinafika nyuzi 0.6 kwa vipimo 25 vinavyojitegemea. Makosa ya kudumu hayabadiliki. Antena iliyofungwa ikiwa imepinda nyuzi 2 itabaki na nyuzi 2 hata ukichukua vipimo elfu. Mistari itakatana vizuri sana, programu itakuchorea duaradufu (umbo la yai linaloonyesha eneo ambamo chanzo kinakisiwa kuwamo) ndogo ya kupendeza, na chanzo hakitakuwamo. Makosa mengi ya urambazaji ni ya kundi hili la pili, ndiyo maana duaradufu ndogo peke yake si ushahidi wa usahihi.

Hatua ya 2: Fanya saa zote ziwe moja

Rekodi kila kitu kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Kagua hasa kama kifaa chochote kinaandika muda wa GPS bila marekebisho. Tangu tarehe 1 Januari 2017 muda wa GPS uko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Faili moja ikiwa kwa UTC na nyingine kwa muda wa GPS, ndege ya noti 120 inakuwa imehamishwa mita 1,111 kwenye njia yake, na hakuna kifaa kitakachokuonya.

Kisha tafuta ucheleweshaji wa ndani ya vifaa. Kitafuta uelekeo kinachochukua wastani wa sekunde 2 kinatoa jibu la katikati ya kipindi hicho, yaani sekunde 1 kabla ya muda ulioandikwa. Kwenye mstari mnyoofu hiyo ni mita 62 tu. Kwenye kona ya kawaida ya nyuzi 3 kwa sekunde, sekunde hiyo hiyo 1 inakuwa kosa la nyuzi 3 za uelekeo, na kwa kilomita 20 umekosea zaidi ya kilomita 1.

Hatua ya 3: Chagua kaskazini moja na mfumo mmoja wa ramani

Kuna kaskazini tatu zinazochanganywa: ya kweli, ya sumaku, na ya gridi ya ramani. Fanya hesabu zote kwa kaskazini ya kweli.

1. Kama dira ni ya sumaku, jumlisha mchepuko wa eneo unalorukia: wa mashariki ni chanya, wa magharibi ni hasi. Tumia modeli ya sumaku ya dunia ya sasa. Hutolewa upya kila miaka 5, na ya 2025 ndiyo inayotumika hadi 2030. Mchepuko ulioandikwa kwenye ramani ya zamani usiuamini.
2. Ukichora kwenye gridi ya UTM (mfumo wa miraba ya ramani unaoigawa dunia katika kanda), kumbuka kaskazini ya gridi inaachana na ya kweli kadiri unavyotoka kwenye mstari wa katikati wa kanda. Tofauti hiyo ni nyuzi za longitudo kutoka mstari huo, mara saini ya latitudo. Ukiwa nyuzi 3 pembeni, kwenye latitudo 45, ni nyuzi 2.1. Karibu na ikweta ni ndogo mno.
3. Weka GPS, ramani na programu zote kwenye WGS 84, mfumo wa viwianishi unaotumiwa na GPS. Ramani zilizochorwa kwa mifumo ya zamani zinaweza kutofautiana nayo kwa mamia ya mita.
4. Kubalianeni namna ya kuandika viwianishi. Mtu akisoma dakika 14 na sekunde 30 kama dakika 14.30, amehama mita 370 kwenye latitudo.

Onyo: angalia kama kifaa chako tayari kinaongeza mchepuko chenyewe. Kuuongeza mara mbili ni kosa sawa na kuusahau.

Hatua ya 4: Linganisha antena na pua ya ndege

Anza ardhini. Pima kwa kamba na timazi mstari wa katikati ya ndege na mstari wa sifuri wa antena, uandike tofauti. Funga antena kwa namna ambayo haiwezi kuzunguka hata nusu nyuzi, kisha weka alama ya rangi inayovuka kiungo. Alama ikikatika, ujue antena imesogea na vipimo vya awali havifai tena.

Kazi yenyewe hasa iko angani, kwa sababu mwili wa ndege, mabawa na propela hupinda mawimbi. Washa kisambaza mawimbi cha majaribio kwenye masafa yaliyo karibu na yale utakayoyatafuta, ukae kilomita 10 au zaidi kutoka kwacho, kisha:

1. Ruka vipande vifupi vilivyonyooka vya dakika 1, kila kimoja kikitofautiana na kilichotangulia kwa nyuzi 15, mpaka umalize vipande 24 na duara zima.
2. Kwa kila kipande, hesabu kutoka GPS uelekeo wa kweli wa kisambaza mawimbi, utoe uelekeo wa pua. Hiyo ndiyo pembe sahihi.
3. Toa pembe sahihi kwenye pembe iliyopimwa. Hilo ndilo kosa la pembe hiyo.
4. Chora makosa yote 24. Wastani wake ni kosa la kudumu la mpangilio. Kupanda na kushuka kwa makosa kuzunguka wastani huo ni athari ya umbo la ndege.
5. Hifadhi jedwali, utoe kosa husika kwenye kila kipimo cha baadaye.

Rudia zoezi hili kila unapobadilisha antena, masafa kwa kiasi kikubwa, au chochote cha chuma kilicho karibu na antena. Jedwali la 121.5 MHz, ambako urefu wa wimbi ni mita 2.47, halifai kwa 406 MHz, ambako ni sentimita 74.

Wakati huo huo kagua dira. Simu, spika za vichwani na nyaya za umeme zikikaa karibu na kihisi cha sumaku zinaipotosha kwa nyuzi kadhaa. Jairo ya kawaida ya mwelekeo nayo inahama yenyewe kwa sababu dunia inazunguka: nyuzi 15 kwa saa mara saini ya latitudo. Kwenye latitudo 30 ni nyuzi 7.5 kwa saa, kwa hiyo ilinganishe na dira kila dakika 10, mabawa yakiwa sawa na kasi haibadiliki.

Hatua ya 5: Panga njia ya kuruka

Njia ndiyo dawa kubwa ya makosa ya kudumu, nayo haihitaji kifaa kipya. Panga mambo manne.

Kwanza, urefu wa mstari. Kama chanzo kinakisiwa kuwa kilomita 20 ubavuni, ruka mstari wa kilomita 20 au zaidi, ili mistari ya uelekeo ikatane kwa pembe ya nyuzi 50 hadi 120. Mistari inayokatana kwa nyuzi 10 inageuza kosa dogo la pembe kuwa kosa kubwa la umbali.

Pili, nenda na urudi kwenye mstari ule ule.

Tatu, vuka uende upande wa pili wa chanzo, urudie kwa umbali unaokaribiana na wa kwanza. Hili ndilo watu wanaloliacha ili kuokoa mafuta, na ndilo linalofichua kosa ambalo mengine yote yanalificha. Ukiweza kuzunguka chanzo duara zima, ni bora zaidi: kosa la kudumu la nyuzi 2 kwa kilomita 20 litafanya mistari yote ipite mita 700 kutoka kwenye chanzo, lakini kila mmoja upande wake, na katikati itabaki mahali pake.

Nne, kimo. Upeo wa redio kwa kilomita ni takriban 4.12 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita. Kwa mita 300 unasikia hadi kilomita 71, kwa mita 1,500 hadi kilomita 160, kama hakuna mlima katikati.

Hatua ya 6: Ruka na kupima

Pima mabawa yakiwa sawa tu. Ndege ikiinama nyuzi 20, chanzo kilicho usawa wa upeo na nyuzi 45 kutoka puani kitasomeka 43.2; ikiinama 30, kitasomeka 40.9. Hali ni mbaya zaidi kwa chanzo kilicho mbele na chini. Ukiwa mita 1,500 juu yake, kilomita 10 mbele, mwinamo wa nyuzi 20 unaleta kosa la karibu nyuzi 3. Weka sheria: kipimo chochote kilichochukuliwa mwinamo ukizidi nyuzi 5 kitupwe. Baada ya kona, subiri sekunde 10 hadi 15 dira na jairo zitulie.

Kwa kila kipimo hifadhi muda, mahali, kimo, uelekeo wa pua, njia juu ya ardhi, mwinamo, pembe iliyopimwa na nguvu ya mawimbi. Uelekeo wa pua na njia juu ya ardhi viwe safu mbili tofauti zenye majina yasiyoweza kuchanganywa. Rubani naye ataje upepo mwanzoni mwa kila kipande.

Ukitafuta kinara cha dharura, jua kwamba 406 MHz inatuma mpigo wa takriban nusu sekunde kila sekunde 50 hivi. Kwa noti 120 unasafiri kilomita 3.1 kati ya mipigo, kwa hiyo kila kipimo ni cha thamani na muda wake lazima uwe sahihi. Mawimbi ya 121.5 MHz yanasikika mfululizo lakini ni dhaifu. Tumia 406 kukaribia, 121.5 kumalizia.

Hatua ya 7: Hesabu kadirio

Badili viwianishi viwe kilomita za mashariki (x) na kaskazini (y) kutoka nukta moja ya eneo lako. Nyuzi 1 ya latitudo ni takriban kilomita 111. Ya longitudo ni kilomita 111.3 mara kosini ya latitudo. Uelekeo wa kweli θ ni uelekeo wa pua, kujumlisha pembe iliyopimwa, kutoa kosa la jedwali. Kila kipimo kinakuwa mlinganyo:

x·cos θ − y·sin θ = xₙ·cos θ − yₙ·sin θ

ambapo xₙ na yₙ ni mahali pa ndege. Tafuta x na y kwa njia ya miraba midogo, yaani zile zinazofanya jumla ya miraba ya mabaki (tofauti kati ya pande mbili za kila mlinganyo) iwe ndogo kabisa. Mara ya kwanza vipimo vyote viwe na uzito sawa. Ukipata kadirio, kipe kila kipimo uzito wa 1 gawanya kwa mraba wa umbali wake kutoka kwenye kadirio, urudie mara 3 au 4 hadi jibu litulie.

Hesabu kila kipande cha safari peke yake kwanza. Usivichanganye bado, maana ukivichanganya sasa unapoteza ushahidi wa hatua inayofuata.

Hatua ya 8: Soma makosa kutoka kwenye makadirio

Linganisha kadirio la kwenda, la kurudi, na la upande wa pili.

- *Kwenda na kurudi vinatofautiana kwenye mstari wa safari.* Ni muda au upepo. Gawanya umbali kati ya makadirio kwa jumla ya kasi za kwenda na kurudi. Mita 740 kwa mita 62 kila upande ni sekunde 6. Ukipata 18, unajua pa kutazama. Kuthibitisha, ruka tena kwa nusu ya umbali kutoka kwenye chanzo: tofauti ikibaki ile ile, ni muda, ikipungua kwa nusu, umetumia njia badala ya uelekeo wa pua.
- *Kwenda na kurudi vinakubaliana, upande wa pili unakataa.* Ni kosa la kudumu la pembe: antena, mchepuko wa sumaku, au gridi. Mstari wa kilomita 20 ukiwa umbali wa kilomita 20 na kosa la nyuzi 2, kila kadirio linasogea takriban mita 750 na pande mbili zinaachana kilomita 1.5. Kama umbali ulikuwa sawa, ukweli uko karibu na katikati.
- *Vyote vitatu vinakubaliana.* Sasa changanya vipimo vyote na uamini duaradufu.

Kosa la kudumu likionekana, unaweza kulikadiria: jaribu marekebisho kuanzia nyuzi −5 hadi +5 kwa hatua ya 0.5, na kila mara angalia jumla ya miraba ya mabaki. Chagua linaloipa jumla ndogo kabisa. Hili lahitaji vipimo vya pande zaidi ya moja. Ukiwa na mstari mmoja mfupi jibu huyumba ovyo.

Kuhusu njia ya kimo

Wengine hupima pembe ya kwenda chini na kupata umbali kwa kipimo kimoja. Kwa pembe ndogo sitaishauri. Ukiwa mita 1,500 juu na pembe ni nyuzi 5, umbali ni kilomita 17.1, pembe ikiwa 4 ni 21.5, ikiwa 6 ni 14.3. Hapo ongeza kosa la kimo chenyewe: mita 100 zinaleta kilomita 1.1. Altimita iliyowekwa shinikizo lililokosewa kwa hPa 10 inakosea mita 80 na zaidi, na kimo cha GPS juu ya duaradufu ya dunia kinaweza kuachana na usawa wa bahari kwa mita 100. Njia hii ifae ukiwa karibu, pembe ikizidi nyuzi 20.

Ukikwama

*Mistari yote inapita upande mmoja wa chanzo kinachojulikana.* Kosa la kudumu. Rudia hatua ya 4, na kabla ya hapo hakikisha alama ya rangi haijakatika.

*Kosa linakua kadiri saa zinavyopita.* Jairo inahama. Kama unatumia mfumo wa inesha (unaokadiria mahali kwa kuhisi mwendo wa ndege yenyewe) bila msaada wa GPS, hata ule wa daraja la ndege kubwa huhama kwa kadiri ya maili 1 ya baharini kwa saa.

*Makadirio ni mazuri siku tulivu, mabaya siku ya upepo.* Kuna mahali programu inachukua njia juu ya ardhi. Baadhi ya vifaa hurudi kwenye njia hiyo kimyakimya dira inapokatika.

*Vipimo vichache vinaruka nyuzi 20 au 30, vingine viko sawa.* Huu si urambazaji. Ni mawimbi yanayorudishwa na mlima au jengo. Vitupe na upande juu zaidi.

*Pembe inageuka ghafla kwa nyuzi 180.* Ama umepita juu ya chanzo, ama kitafuta uelekeo hakitofautishi mbele na nyuma. Nguvu ya mawimbi iliyopanda kisha kushuka inaonyesha umepita. Kama haikupanda, badili uelekeo kwa nyuzi 30 uone mstari upi unabaki mahali pake kwenye ramani.

*Kadirio linakimbia mbele kadiri unavyosonga.* Mistari inakatana kwa pembe ndogo mno. Acha kuelekea kwenye chanzo, geuka nyuzi 90, uruke kilomita 10 ubavuni, kisha pima upya.